Upande wa Kushoto wa Baba

Baba alinifundisha chesi kwa kunidhalilisha, na nikisema hivyo simsingizii. Alikuwa mwalimu wa hesabu Iringa. Jumapili tukitoka kanisani na kumaliza kula, alituketisha mimi na kaka yangu mbele ya ubao, tukacheza yeye akitazama. Aliyeshindwa alisimama, akaweka kidole kwenye mraba alipoharibu, akasema kwa sauti, "Hapa nilikuwa mjinga." Huwezi kusema "nilikosea." Neno lilikuwa hilohilo, mjinga, na ukilimung'unya ulirudia. Siku moja kaka alilia. Baba akamwambia, "Machozi peleka jikoni, mboga haina chumvi." Kaka hakugusa kete tena maishani mwake. Mimi niliendelea. Sijui kama niliupenda mchezo au nilingoja tu siku ya kumwona yeye amesimama na kidole chake ubaoni.

Nilisoma famasi, nikaolewa Mbeya, mume akaondoka, nikabaki na mtoto mmoja, duka la dawa mtaa wa Soweto na nyumba ya kupanga Ilomba. Baba alipostaafu alinunua simu kubwa, akajifunza mwenyewe kucheza mtandaoni. Siku ya kwanza alinipigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Una akaunti?"

"Ya benki?"

"Ya chesi, wewe mtoto. Fungua. Saa tisa mchana nakusubiri."

Tukaanza hivyo. Kila siku saa tisa, muda ambao wateja dukani hupungua, tulicheza blitzi, dakika tatu kwa kila mtu, michezo miwili au mitatu. Ukimaliza dakika zako tatu umeshindwa, hata kama mfalme wako amekaa salama kama bwana harusi. Baba aliupenda mchezo huo wa haraka kwa sababu hauna nafasi ya visingizio. Alisema mtu akipewa saa nzima anaweza kujifanya ana akili, lakini dakika tatu zinamvua nguo.

Kila Jumamosi alinitumia ujumbe wa tathmini. Ulikuwa na vichwa vitatu, kama ripoti ya shule: mtindo, nguvu, ya kurekebisha. Wa kwanza ninaukumbuka wote. "Mtindo: mwoga anayejifanya mpole. Nguvu: vidole vyepesi. Ya kurekebisha: kichwa." Wiki iliyofuata aliandika kwamba nacheza kama mwanamke anayeuza nyanya jioni, napunguza bei ya kila kitu ili nirudi nyumbani. Wiki mume wangu aliporudi kuchukua vitu vyake vya mwisho, na baba alijua, aliandika: "Ya kurekebisha: unaachia vitu ovyo halafu unashangaa vimeondoka." Nilisoma ujumbe ule nimesimama nyuma ya kaunta, mteja akingoja dawa ya mafua. Nilimpa mteja dawa yake na maelekezo yake. Kisha nikatafuta daftari la mwanangu lililobaki kurasa tupu, nikaanza kumwandikia baba ripoti yake.

Nilikusudia kuwa mkweli, maana ripoti ya uongo isingenisaidia kumpiga. Nguvu zake zilijaza ukurasa. Farasi wake walikuwa wabaya kupita kiasi. Unamwona farasi mmoja amesimama katikati ya ubao kama hana kazi, kumbe hatua mbili mbele atakula ngome yako na kumtisha malkia kwa pamoja. Hakuwa na papara mwanzoni. Kete zikibaki chache alicheza safi, kama anayepiga pasi shati. Na hakuchoka kushambulia. Upande wa udhaifu nilikuwa na mistari michache: hapendi kubadilishana malkia, anamng'ang'ania wake kama kitu cha urithi, akiona cha bure anakila kwanza ndipo anafikiri, akizidiwa muda anakasirika, na akikasirika anasahau kumlinda mfalme.

Kwa mistari hiyo nikaanza kushinda mchezo mmoja kati ya mitano. Alipiga simu. "Hukushinda, muda ndio umenishinda."

"Muda ni sehemu ya mchezo, baba. Wewe ndiye uliyesema."

Alikata simu.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, kitu kikabadilika. Baba alianza kupoteza kete kipuuzi. Ngome yangu ilisimama pembeni kabisa mwa ubao, njia iko wazi, haijifichi, naye anamleta malkia wake kwenye njia hiyohiyo. Mara ya kwanza nilidhani ni mtego, nikapoteza sekunde kumi nikiutafuta. Hapakuwa na mtego. Nikala malkia. Kesho yake akarudia, na siku iliyofuata. Programu ile huhifadhi michezo yote, kwa hiyo nikaifungua ya nyuma, nikaipitia mmoja baada ya mwingine pale dukani. Akicheza kete nyeupe, makosa yake yote yalikuwa upande wa malkia. Akicheza nyeusi, yalikuwa upande wa mfalme. Ilinichanganya mpaka nilipokumbuka kwamba ukicheza nyeusi ubao hugeuzwa kwenye simu. Kumbe ulikuwa upande uleule. Chochote kilichokaa kwenye mistari miwili ya mwisho kushoto mwa kioo, kwa baba hakikuwepo.

Wiki hiyohiyo nilizungumza na mama kwenye simu, akanilalamikia, kama anavyolalamika juu ya kila kitu, kwamba mzee amekuwa mzito. Anajigonga mlangoni, bega lina mchubuko. Anamwaga chai. Anaacha nusu ya ugali kwenye sahani na kudai amemaliza.

"Bega lipi, mama?"

"La kushoto. Kwa nini?"

"Basi tu. Dawa za presha anameza?"

"Anasema zinamchosha. Ameziacha muda mrefu, hata kichwa kilipomuuma ghafla hakuzirudia."

Nilijua. Sitaki mtu anayesoma hapa anisaidie kwa kusema labda sikuwa na hakika. Mtu mwenye presha, aliyeacha dawa, aliyeumwa kichwa ghafla, kisha haoni upande mmoja na wala hajui kwamba haoni, hicho ni kiharusi kidogo mpaka daktari aseme vinginevyo. Siku mbili baada ya simu ile, dukani kwangu aliingia mama mmoja kutoka Chunya kununua dawa ya macho, akasema mumewe anajigonga kwenye milango ya upande mmoja. Nilimkatalia dawa. Nilimwambia ampeleke hospitali leo, sio kesho, nikamwandikia na kikaratasi cha kumpa daktari. Alinishukuru sana, akaniita mwanangu. Ilikuwa karibu saa tisa. Alipotoka nilikaa, nikafungua simu, nikaivuta ngome yangu pembeni kushoto kwa baba, nikangoja.

Katika daftari niliandika maneno mawili: haoni kushoto. Niliyaandika chini ya udhaifu, baada ya lile la kukasirika, kwa kalamu ileile.

Kuanzia hapo nilimpiga karibu kila siku. Nilimpiga asubuhi za sikukuu, nilimpiga siku yake ya kuzaliwa, mara tatu mfululizo. Ujumbe wa Jumamosi ukawa mfupi. Mmoja ulisema, "Nguvu: umejifunza kusubiri." Mwingine ulikuwa na kichwa cha habari tu, chini yake hapana kitu. Baadaye haukuja kabisa, na nilipokaa dukani Jumamosi bila ujumbe nilijisikia vizuri, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Siku moja alinipigia na kuuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Unadhani nimezeeka?" Ulikuwa mlango ulio wazi. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: baba, nenda kapime macho na kichwa. Nikasema, "Labda uongeze mazoezi."

Baada ya Pasaka mama alipiga simu asubuhi, duka ndiyo kwanza nalifungua.

"Mwanangu, baba yako kagongwa na bajaji."

Alikuwa akivuka barabara karibu na soko. Alitazama kulia, akavuka nusu ya kwanza vizuri. Bajaji ilitokea kushoto. Dereva aliapa kwamba alipiga honi na mzee akaendelea kutembea akiwa ametulia, kama hakuna kinachokuja. Mkono ulivunjika mara mbili, na mfupa wa bega, na nyonga ikapasuka.

Nilipanda basi la kwanza nililopata. Hospitalini daktari kijana alisimama mbele ya kitanda, akanyoosha mikono yake miwili na kuchezesha vidole. "Mzee, niambie ni vidole vya mkono upi vinacheza." Baba akasema, "Huo," akionyesha mmoja. Vilikuwa vikicheza vyote. Daktari akamgeukia mama na kueleza polepole kwamba, kwa anavyoona, mzee alipata kiharusi miezi kadhaa iliyopita, kikaharibu sehemu ya ubongo inayoona. "Hakuna aliyegundua nyumbani?" Mama alianza kulia. Alisema alimgombeza kwa kumwaga chai. Alisema alimwita mchafu. Mimi nilisimama pembeni ya kitanda, upande wa kushoto, na baba hakujua kama nimefika.

Nilikaa Iringa wiki tatu. Alipotolewa hospitali tulimweka sebuleni, kwenye kiti kirefu, mguu juu ya mto, mkono kwenye bandeji. Mkono uliobaki ulishika simu. Mama alifurahi kwamba anajipumbaza. Mimi niliona anachofanya. Alikuwa anapitia michezo yetu ya zamani, polepole, bila saa, akigeuza kichwa chote kushoto kila anapofungua ubao, kama alivyofundishwa na daktari. Siku ya nne, mama akiwa amekwenda sokoni, aliniita.

"Njoo. Keti huku ninakokuona."

Nikaketi. Akaniwekea simu magotini.

"Ngome hii. Uliileta pembeni hapa. Kwa nini?"

"Kumtega malkia."

"Mtego gani? Mtoto wa shule ya msingi anauona. Askari mmoja akisogea, ngome imefungwa, mchezo umepoteza." Akafungua mwingine. "Na hapa. Na hapa umepoteza nafasi ya kumbana mfalme, umekwenda pembeni tena. Hatua hizi ni mbovu. Kwa mtu mwenye macho, ni mbovu zote. Nimehesabu arobaini na moja. Mimi ndiye niliyekufundisha, huchezi hovyo hivyo."

Nilirudisha mchezo nyuma hatua moja kwa kidole.

"Ulijua."

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

Nilingoja aniambie nisimame. Nilitaka aniambie nisimame, niweke kidole, niseme lile neno; ningelisema, na huenda lingetosha. Alichukua simu yake kutoka magotini mwangu, akaifuta kioo kwa shuka.

"Mama yako asijue," alisema. "Sifichi kwa ajili yako. Ni kwa ajili yake, asijue tulizaa kitu gani."

Mama aliporudi, baba alimuuliza kama amepata ndizi, naye akasema amepata. Tukala. Baba alinipa habari za watu wa mtaani kama kawaida, akanipitishia chumvi.

Kaka alikuja mwisho wa wiki. Sikumwambia. Nilikaribia kumwambia tukiwa tunaosha vyombo uani, lakini akaanza yeye, akasema, "Unajua mimi simhurumii? Najaribu na haiji." Alisema kwa aibu, kama anaungama. Mimi mkubwa wake kwa dhambi nikamwambia, "Itakuja, vumilia," nikaendelea kusuuza sahani.

Sasa baba hupewa rufaa ya kuja Mbeya kila baada ya miezi michache kupimwa. Hakuna hoteli atakayoikubali mama, kwa hiyo hufikia kwangu Ilomba, siku tatu, wakati mwingine nne. Namfuata stendi. Njiani natembea kushoto kwake, naye anajua niko hapo kwa sauti ya viatu tu. Hanishiki mkono. Kwenye akaunti yangu ya chesi jina lake halionekani tena, amenifungia. Wagonjwa wenzake kwenye foleni huniambia nina bahati kuwa na baba aliye mpole, naye huwajibu kwa heshima kwamba binti ni mfamasia, anajua magonjwa yote.

Mwezi uliopita alipokuja nilimwekea chai mezani upande wake wa kulia, anakoona. Aliitazama. Akanyoosha mkono, akakivuta kikombe taratibu mbele yake, akakipitisha mpaka kushoto, akakiacha huko. Kisha akaanza kula mkate na kunieleza bei ya mahindi Iringa. Alipotafuta chai, kiwiko kilikipiga kikombe, chai ikamwagika kwenye kitambaa, kwenye suruali yake, mpaka sakafuni. Ilikuwa ya moto. Niliona uso wake ukikaza. Nikainuka kwenda kuchukua kitambaa cha kufutia.

"Kaa," alisema.

"Baba, umeungua."

"Nimesema kaa. Kula."

Nikakaa. Chai ilidondoka kutoka ukingoni mwa meza, na mwanangu, aliyekuwa anavaa sare ya shule mlangoni, alitutazama sisi wawili tukitafuna mkate, akauliza kama tumegombana. Baba akamwambia hapana, babu na mama wanakunywa chai.