Vazi la Bwana Aliyekufa

Ninachokumbuka ni sauti ya mshipi wa hariri ukikazwa, mkwaruzo mmoja mfupi, kisha kofi dogo mgongoni: tayari, nenda. Hivyo ndivyo mvishaji wetu alivyowatoa samurai wote wa studio ile ya filamu ya Kyoto, Japani, kwa miaka thelathini, pini midomoni, vidole vikinuka kafuri. Kimono alikikunja bila kutazama, upande wa kushoto juu ya wa kulia, kama wavaavyo walio hai. Ni maiti tu anayekunjiwa kinyume.

Kiangazi kile tulipiga filamu ya kuchekesha: bwana wa ngome amekufa bila mrithi, na watumishi wake wanamketisha kama mzima mpaka mjumbe wa mtawala mkuu wa Edo amkubali kijana waliyemteua. Mzee Kuramochi, aliyeigiza maiti, alikuwa amekwisha kuketi, macho kayafumba, mwongozaji alipoangua kicheko na kumgeukia mvishaji.

"Mama, umemkunjia kimaiti. Mjumbe akiona hivi, ukoo umekwisha, na filamu yangu nayo."

"Mwache," Kuramochi akasema. "Kwa joto hili nimekufa kweli."

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika taa, nikamwona mvishaji akizitoa pini midomoni moja moja. Mtu wa mwisho asiyesogea ambaye yeye alimvika, miezi michache nyuma, wakati micheri ilipochanua, alikuwa mwanawe wa pekee. Akapiga magoti, akaifungua ile nguo, akauleta upande wa kushoto juu, akaulainisha polepole kwa kiganja.

"Haya, baba," akanong'ona. "Amka sasa."