Paneli Zilizotazama Barabara

Wifi yangu ana maneno machache, na nusu yake ni "nimepima." Ukimwambia chai imepoa, atataka kujua kama umepima. Mita yake ya kupimia umeme huning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, nayo ndiyo iliyompa jina. Kijiji kizima kinamwita Bibi Mita, na hata kaka yake, ambaye ndiye mume wangu, jina alilompa mama yao halikumbuki vizuri.

Ni fundi wa redio. Hakufundishwa na mtu. Alipokuwa mke mpya aliifungua redio ya baba mkwe wake kutaka kujua sauti inatokea wapi, wakamkuta ameimwaga yote mkekani. Akaambiwa asipoirudisha ilivyokuwa, arudi kwao. Jioni redio ikalia vizuri kuliko zamani, na kipande kimoja kikabaki mkononi mwake. Mpaka leo anacho kwenye kopo la skrubu, na hajui kilikuwa na kazi gani. Barazani kwake kuna meza, chuma cha kulehemu, na miwani ambayo mkono wake mmoja ni uzi. Wanaume humletea redio, simu na taa zilizokufa, kisha husimama pembeni kumfundisha kazi.

Mimi ni mhudumu wa zahanati. Nafagia, napima watoto uzito, na mara mbili kwa siku nasoma kipimajoto cha friji ya chanjo na kuandika kwenye fomu. Isipande juu ya nyuzi nane, isishuke chini ya mbili. Kazi yenyewe haihitaji digrii.

Umeme wa nguzo haujatufikia. Nguzo ziliishia ng'ambo ya mto, na zimesimama hukohuko tangu mwanangu wa kwanza anatambaa. Kwa hiyo mradi ulipokuja na habari kwamba jua litawasha zahanati kwanza, halafu nyumba zetu, kwa bei ambayo mkulima anaiweza, tulipiga makofi. Nami nilipiga mpaka viganja vikawasha. Nalisema hili mapema nisije nikajifanya nilikuwa na akili.

Mtaalamu wa mradi alikuja kupanda juu ya paa akiwa na shati jeupe. Mtu anayepanda paa na shati jeupe hakuja kufanya kazi, amekuja kutazamwa. Aliliangalia paa, kisha akamwangalia Mwenyekiti wa kamati yetu.

"Mgeni rasmi atapita barabarani," Mwenyekiti akasema. "Zionekane."

"Hilo halina shida," Mtaalamu akajibu, na hapo elimu yake ikaishia.

Paneli sita zikafungwa ukutani mbele ya zahanati, kimo cha mtu, wima kama vibao vya duka, zikitazama barabara upande wa machweo. Asubuhi zilikuwa kivulini. Adhuhuri jua lilipita juu ya paa. Saa tisa ndipo zilipoanza kuliona, na saa kumi na moja kilima cha ng'ambo kililimeza. Saa mbili za jua kwa siku, katika nchi ambayo jua linapasua midomo.

Bibi Mita alisimama akitazama paa. "Zilazeni upande wa nyuma wa paa," alisema. "Nimepima."

Mtaalamu akamuuliza amesomea wapi.

"Barazani."

Wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Mwenyekiti, ambaye redio yake wakati huohuo ilikuwa wazi juu ya meza ya hiyo baraza.

Wiki ya tatu nilifungua friji asubuhi nikakuta nyuzi kumi na moja. Nesi alizitupa chanjo zote. Jumanne ikaja na kina mama arobaini, watoto migongoni, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaambia warudi. Mmoja alikuwa ameondoka kwake alfajiri. Alinitazama, akamkaza mtoto kwa khanga, akageuka. Bora angenitukana.

Wilaya wakajibu ripoti ya nesi kwa mistari miwili. Friji itaangaliwa kwa wiki mbili. Ikipanda tena, itahamishiwa zahanati ya ng'ambo ya mto. Huko ni mwendo wa nusu siku, na mto ukijaa hakufikiki kabisa.

Tukaenda kwenye kamati, mimi na wifi.

"Mkizilaza nyuma, mgeni apige picha ya nini?" Mwenyekiti akauliza. "Ya mabati?"

"Apige ya friji," Bibi Mita akasema.

"Friji haionekani barabarani, mama. Huyu mgeni ndiye atakayesema nyumba zetu zipate umeme au zisipate. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumwoneshe migongo?"

Kamati ikatikisa vichwa. Watu wazima kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyeuliza watoto watapona na nini.

Jumatano kamati nzima ilikwenda shuleni kufanya mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha mgeni. Mazoezi yalichukua siku nzima kwa sababu Mwenyekiti alitaka ubeti wenye jina lake urudiwe mara tatu. Bibi Mita akaja na spana na ngazi ya kuazima.

"Wifi, shika ngazi."

"Ukianguka nitamwambia nini kaka yako?"

"Mwambie nilipima."

Nikashika. Nesi alisimama njiani kulinda, akisema kwa sauti kwamba yeye haoni kitu. Kufikia alasiri paneli zote sita zilikuwa zimelala upande wa nyuma wa paa, kwa mteremko kidogo ili mvua ioshe vumbi. Siku ya tatu friji ilisoma nyuzi tano. Niliandika ile tano kwa tarakimu kubwa kuliko kawaida.

Mwenyekiti alikuja, akasimama barabarani, hakuona kitu. "Mmeniua," alisema. Alitaka Mtaalamu aitwe azirudishe kabla ya Jumatatu, siku ya mgeni.

Wifi yangu hagombani na watu. Alimuuliza tu, "Mwenyekiti, unataka mgeni aone paneli, au unataka umeme?"

Nasema kweli, alifikiri. "Aone," akajibu.

"Basi niletee mabati sita ya zamani na rangi ya bluu iliyobaki shuleni."

Aliyapaka, akapiga mistari myeupe kwa uzi uliochovywa kwenye chokaa, akayafunga palepale paneli zilipokuwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mgeni alikuja. Wimbo ukaimbwa, ubeti ule mara tatu. Akaligusa bati moja kwa ncha za vidole, akaambiwa asiogope, halina madhara. Mtaalamu, pamoja na vyeti vyake, akasimama mbele ya bati la choo cha zamani kumweleza jinsi linavyovuna mwanga. Hakutambua, au alitambua akanyamaza. Sijui lipi ni aibu zaidi. Akavishwa kilemba cha ukoka mbele ya watu wote, akaipokea sifa kwa mikono miwili. Bibi Mita alikuwa nyuma, amekaa juu ya ndoo.

Mgeni aliuliza kama mitambo inafanya kazi. Nesi akampa fomu yangu: tano, tano, nne, tano. Akafurahi sana. Akasema vijiji vyote vya barabara hii vifungiwe hivihivi, kama alivyoona hapa. Mtaalamu akatoa daftari akaandika.

Wilaya wakaleta chanjo mpya, na Jumanne kina mama walirudi. Yule wa alfajiri alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mtoto wake alichomwa sindano akalia, na mimi nilisimama pale na ufagio wangu nikalia pia, na sioni haya kulisema. Kwenye foleni hiyohiyo alikuwemo mkwe wa Mwenyekiti na mjukuu wake.

Jana mhudumu wa zahanati ya kijiji cha pili barabarani alinipigia simu. Wamefungiwa sola. Sita, wima, zinatazama barabara. Friji yao imefika nyuzi kumi na tatu, na kamati yao inafanya mazoezi ya wimbo. Anaomba Bibi Mita aje na spana, na kama haitakuwa taabu, aje na rangi.

Barabara hii ina vijiji tisa. Wifi yangu ana miaka sitini na mmoja, goti moja zima, na ngazi ya kuazima.