Mrija wa Mama

Mimi ni mwongoza watalii Kilimanjaro, na kwenye mfuko wa maji sina mchezo. Siku ya kwanza, getini, nawasimamisha wageni wote. Nawaambia mfuko huu mnaubeba mgongoni na kuunyonya kwa mrija, kwa hiyo kila jioni mrija usuguliwe, mfuko uachwe wazi ukauke, la sivyo utaota ukungu. Wapagazi hunicheka, eti nahubiri kumshinda mchungaji.

Mwaka jana mgeni mmoja aliniachia wake. Nikampa mama, maana kila akishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe alirudi midomo imekauka. Alifurahi mpaka akaimba.

Miezi ya karibuni tumbo likaanza kumsumbua. Vipimo, vidonge, nafuu ya siku tatu, kisha yaleyale. Gauni la kanisani likawa linampwaya. Nililaumu maji ya mfereji, nikalaumu mboga za soko la Kiboriloni, nikagombana hata na dada yangu kwamba hachemshi maji. Niliogopa mama anatutoka.

Juzi nimeshuka mlimani, nikapitia nyumbani koo limekauka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Pole na mlima. Kunywa kwanza."

Akanipa mrija. Nikavuta. Mungu wangu! Nikatema palepale uani. Nikauinua mrija juani: ndani mweusi, mwanzo hadi mwisho. Kwenye kona za mfuko ukungu wa kijani umeota manyoya.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Maziwa ya mgando. Nimeyalainisha na maji."

"Na unaosha na nini?"

Akanishangaa. "Nani anaosha kibuyu kwa sabuni? Unabakiza kidogo, mapya yagande vizuri."

Kibuyu chetu alikirithi kwa bibi. Hukisafisha kwa kaa la moto na moshi, na hakijawahi kumuumiza mtu. Huu mfuko ni plastiki, nilifoka, nikaukatakata kwa panga. Nikamweleza yote ninayowaambia wageni: brashi ya mrija, magadi, maji moto, kuutundika wazi. Alinisikiliza kwenye kigoda chake, mkono tumboni.

"Haya yote, wageni unawaambia lini?"

"Siku ya kwanza, mama. Getini."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Mimi ulinipa mwaka jana."