Mbegu Alizozibakisha Biubwa

Biubwa wa Bweni alikuwa mwoga, na hakuona haya kusema hivyo. Akienda kisimani alibeba kamba mbili. Makaa aliyafukia majivuni nyumbani kwake, na mengine akayaweka kwa shoga yake, ili moto ukizimika huku asikose kule. Mumewe, Abeid, alimcheka: "Mke wangu, wewe hata usingizi unalala nusu." Biubwa alicheka naye kidogo, kisha akaenda kuutazama mlango tena. Aliwahi kumzika mtoto katika mwaka wa njaa, na tangu hapo moyo wake haukutulia barabara.

Watu wa Bweni walipanda mbegu zao zote za mpunga mara ardhi ilipolowa, maana anayechelewa hushindwa na magugu. Biubwa alipanda nusu. Zilizobaki alizichanganya na majivu, akazitia kibuyuni, akakitundika juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Mwanaharusi, binti wa kaka yake, alimtania mbele ya watu: "Shangazi, mbegu hizo unamwekea nani, Mdachi aje azitoze kodi?" Watu wakaangua kicheko.

Mwaka ule mvua ilinyesha, mpunga ukachipua, kisha mvua ikakatika ghafla. Jua likawaka mpaka miche ikakauka yote, ya mwoga na ya majasiri. Mawingu yaliporudi, hakuna aliyekuwa na mbegu, ila Biubwa.

"Tupande kimya kimya," Abeid alimwambia. "Watu wasijue."

Biubwa alichukua jembe, akaenda kondeni, na huko akasita kulima. Makonde yote yalikuwa matupu. Miaka mingine mpunga uliiva kwa wote pamoja, ndege na nguruwe wakala kidogo huku na kidogo kule. Safari hii konde lingekuwa moja tu, lake, na ndege wote wa Bweni wangetua hapo. Nguruwe nao wasingekuwa na pengine pa kwenda. Akarudi nyumbani mbio.

"Abeid, tugawe mbegu."

"Wewe? Ugawe? Umepatwa na nini?"

"Uoga ule ule, baba."

Basi asije mtu akamsifu kwa huruma. Huruma ilikuja baadaye, tena kwa kujikokota. Aliwaita wenye makonde yaliyopakana na lake. Mwanaharusi alikuja macho chini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Chukua. Lakini ujenge dungu upande wa msituni, ulinde."

Akawapimia na wengine, fungu lake la kupanda akaliweka kando. Walipoondoka, Biubwa aliinamisha kibuyu, yakatoka majivu matupu. Siku hiyo chakula hakikumshuka.

Mvua ikaja, mpunga ukasimama vizuri. Watu wakapanda kwenye madungu yao, vile vichanja virefu vya kulindia mazao, wakawa wanafukuza ndege kwa makelele na kombeo, huyu akipumzika yule anapokea. Kisha Abeid akashikwa na homa. Biubwa alibaki nyumbani kumuuguza, dungu lao likakaa bila mtu. Asubuhi alikuta nguruwe wamelifukua konde lake kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliketi chini kwenye matope. Alichokiogopa umri wake wote kilikuwa kimemfika, na hakuwa na akiba yoyote.

Wakati wa kuvuna Abeid alikuwa amepona, lakini Biubwa hakutoka nje, kwa sababu hakutaka kusikia nyimbo za wavunaji. Mwanaharusi ndiye aliyepiga hodi, kikapu cha mpunga kichwani, na wenzake wa makonde ya jirani nyuma yake na vikapu vyao.

"Huu wako, shangazi."

Biubwa hakushukuru. Alimshika mkono.

"Umebakisha mbegu?"

"Nimebakisha. Kabla hata mwanangu hajaonja."

Hapo ndipo Biubwa alipolia.