Kisu cha Ngurario

Mimi si fundi. Nimelisema hili kwenye geti, kanisani, na hata kwenye foleni ya maji, na bado hakuna anayenisikia. Nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu. Uhunzi niliuanza kwa raha zangu tu, kama wenzangu wanavyofuga kuku. Lakini hapa mtaani Mowlem ukigonga chuma nyuma ya nyumba yako, umeshakuwa mali ya umma. Hata moto wa kwanza haujapoa vizuri, jirani wa mlango wa pili alikuja na sufuria isiyo na mkono.

"Sasa fundi. Si uniwekee hii mkono? Nitapitia jioni."

"Mama, mimi si fundi. Najifunza tu."

"Aa, sawa. Basi jifunzie na hii."

Akaiacha. Baada yake ikaja wilbaro yenye gurudumu lililopinda, kisha kufuli lililokwama, kisha mguu wa kitanda. Sikugusa hata kimoja. Nilivipanga ukutani nikavinunia, navyo vikakaa hapo vikiningoja.

Karakana yangu yenyewe ilikuwa kichekesho. Tanuri ni rimu kuukuu ya gari niliyoikandika udongo na kuijaza makaa. Upepo ulitoka kwenye mashine ya kukaushia nywele ya binti yangu, niliyoiazima bila kumwambia. Fuawe ni kipande cha ekseli ya lori nilichokitoa mtaa wa Baba Dogo, kwa muuza vyuma chakavu aliyeniuliza kama najenga lori kidogo kidogo. Nyundo nilinunua, lakini koleo nilitaka kujifulia mwenyewe, maana utamu wa uhunzi uko hapo, unaunda chombo chako halafu unakitumia kuunda kingine. Koleo langu la kwanza lilikuwa na nguvu za ufizi wa ajuza. Chuma chekundu kilichomoka kikaniangukia kiatuni. Mke wangu alikuwa akinitazama kutoka dirisha la jikoni.

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," akasema, akafunga dirisha.

Ningeweza kuishia hapo, nikafuge kuku. Lakini binti yetu akapata mchumba, na siku ya ngurario ikapangwa. Kwetu Wagikuyu, siku hiyo bwana harusi hukata bega la mbuzi aliyechomwa, tunaloliita kiande, mbele ya watu wote, na hapo ndipo wazee hukubali kwamba ndoa ipo. Nikamwambia binti, kwa mdomo wangu huu, kwamba kisu cha kukatia kiande chake nitakifua mimi.

"Dadi, usinidanganye," akasema.

"Sikudanganyi."

Basi nikawa nimejitia kitanzi. Kisu cha kwanza nilikifua kwa nondo ya ujenzi. Kilipendeza kweli, ila hakikukata hata nyanya. Walimu wangu wa video za kwenye simu, wenye karakana kubwa kuliko kanisa letu, walingoja mpaka nimalize ndipo wakaniambia nondo ni laini mno. Cha pili nilikifua kwa springi ya pikapu, chuma cha sawasawa. Nikakipasha moto mpaka kikawa chekundu, nikakichovya kwenye maji baridi. Kikalia tik. Nilipokitoa kilikuwa na ufa kutoka kwenye makali hadi mgongoni. Nilikaa kwenye wilbaro ya watu nikatukana chuma, simu, na aliyeniambia kustaafu ni kupumzika. Sherehe ilikuwa imekaribia, na kila binti aliponiuliza kisu kimefika wapi, nilijibu kiko njiani.

Simu ikasema kumbe springi huchovywa kwenye mafuta, ili chuma kisishtuke. Mafuta yaliyokuwepo nyumbani ni dumu ambalo mke wangu alikuwa ameliweka kwa ajili ya mapishi ya sherehe. Nikafua cha tatu kwa springi ileile, nikakichovya humo. Safari hii kisu kilitoka kizima, cheusi tititi, na tupa ilipopita juu yake iliteleza bila kukwaruza, ishara kwamba chuma kimekuwa kigumu. Nikakioka taratibu kwenye oveni ili kisikatike ovyo, nikakinoa, nikakitia mpini uliotokana na mguu wa kiti. Chapati zetu zilinuka gereji wiki nzima, na mke wangu akawa anazungumza nami kupitia kwa binti.

Siku yenyewe ikafika, na dada zangu wakaja alfajiri kushika usukani wa jikoni. Mkubwa wao alikiinua kisu changu kwa vidole viwili.

"Hiki kimetoka kwa moto ama kwa mtaro?"

"Ni cha kiande. Nimekifua mwenyewe."

"Hatutaaibishwa mbele ya wakwe," akasema, akatoa kwenye mkoba wake kisu cha dukani kinachong'aa kama kioo.

Nilibishana mpaka sauti ikakauka. Binti alikuwa chumbani anasukwa, na sikutaka kumharibia siku kwa kelele. Nikaenda kukaa kwenye hema, nimekasirika hata chai sikunywa.

Sasa, dada zangu hawa wana mtindo wao katika kila ngurario. Bwana harusi hupewa kwanza kisu butu. Anajikakamua, anatoka jasho, watu wanacheka, anawabembeleza mashangazi, na ndipo anapewa kikali. Lakini asubuhi ile visu vyote vya jikoni vilikuwa vimenolewa kwa kazi ya nyama. Walipotafuta kisu butu, wakakumbuka kimoja tu.

Nilikitambua kutoka kwenye kiti changu, cheusi mkononi mwa kijana. Yeye naye alikuwa ameshaonywa na marafiki zake kwamba atapewa butu. Akatanua miguu, akakishika kwa mikono miwili, akakilalia kwa uzito wake wote. Kisu kilipita nyama, kikapita kiungo, kikazama kwenye ubao, na bwana harusi nusura amwangukie mbuzi. Vigelegele vikapasuka upande wa wakwe.

Dada yangu alinijia mbio.

"Umetuharibia mchezo."

"Nani aliwaambia ni butu?"

"Si ni wewe umekitengeneza?"

Jioni niliingia jikoni kukichukua, sikukiona. Nikamkuta binti kando ya gari la wakwe, kisu amekifunga kwa leso ndani ya kikapu chake.

"Hiki naenda nacho, dadi. Na mashine yangu ya nywele iko wapi?"

"Iliungua."

Alicheka mpaka akatoa machozi. Mimi nilitoa machozi bila kucheka, na gari likaondoka.

Kesho yake nyumba ilikuwa tupu bila binti, na mke wangu aliyeninunia hakuwa na wa kumtuma kwangu tena. Kisha jirani wa mlango wa pili akabisha, akauliza kama sufuria yake iko tayari. Nilimwambia aingie akae, nikaenda kuwasha moto.