Kitobo cha Nane

Siku ya kwanza Mkuu wa Walinzi hakunionyesha picha hata moja. Alinionyesha milango, kengele, ndoo za mchanga, na kiti kilichokuwa pembeni mwa chumba, akasema kile ni cha wageni waliochoka, si changu. Alikuwa mzee wa Kiskoti aliyewahi kuwa sajini. "Salim," aliniambia, "hulipwi kutazama picha. Unalipwa kutazama mikono ya watu." Nilikuwa nimefika London miaka michache baada ya Mapinduzi ya kwetu Zanzibar, nakaa chumba cha kupanga Kilburn, na kushuku watu nilikuwa nimeshajifunza kabla ya kuajiriwa.

Nawaandikia vijana wanaodhani kulinda jumba la picha ni kusimama tu. Elimu yangu ni darasa la nane, na baadhi ya madaftari yangu yameharibiwa na unyevu, kwa hiyo nikikosea mnisamehe.

Nilianzia chumba cha makoti. Kisha nikapelekwa chumba cha picha za Wataliano, ambako wageni hutazama juu darini na kusahau mikoba yao. Mwisho nikapewa chumba cha Waholanzi. Kila asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, mlinzi alifanya ukaguzi: anavuka kamba, anaimulika kila picha kwa tochi kutoka ubavuni, ili mkwaruzo au rangi iliyobanduka ijitokeze kwa kivuli chake. Picha moja, nusu dakika. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni.

Humo ndimo alimokuwa yule mwanamke wa kwenye picha. Kibao chake kilisema ni mwanamke tu, jina halijulikani. Gauni jeusi, kola pana ya lesi nyeupe, glavu mkononi. Mwanzoni sikumpenda. Alinitazama kama mwenye duka anayemsikiliza mteja muongo na kumwacha amalize. Gauni nililiona jeusi tupu, mpaka asubuhi moja tochi ilipopita nikaona weusi wa aina nne: wa mahameli, wa hariri, wa utepe na wa kivuli. Aliyepaka nyeusi juu ya nyeusi, na kila kitambaa kikabaki kitambaa chake, alikuwa fundi.

Marehemu baba alikuwa mshonaji wa kofia za vitobo, nami nilishona naye. Basi macho yangu yalikimbilia kwenye lesi. Ukingo wa kola ulikwenda kwa mawimbi madogo, kila wimbi vitobo saba. Wimbi la karibu na bega la kushoto lilikuwa na vinane. Nilihesabu asubuhi nyingi: vinane. Nilifurahi, sijui niseme kwa nini. Nilidhani mshonaji alipitiwa, pengine alikuwa akizungumza, na mchoraji kwa uaminifu wake akalichora kosa kama alivyoliona. Nikaandika kwenye daftari.

Mwaka wa sita picha ilipelekwa karakana ya juu kusafishwa, yaani kuondolewa vanishi ya kale iliyogeuka njano. Fundi wake alikuwa mwanamke kijana wa Kiingereza tuliyemwita Miss Dora. Iliporudi baada ya miezi, mwenzangu wa chumba cha pili, Joseph wa Tabora, akanitania: "Sheikh, mchumba wako karudi. Wamemwogesha."

Nilicheka. Kesho yake nikamulika begani. Vitobo saba.

Mshonaji yeyote analijua hili: mpe mtu kofia yenye kosa ainakili, ataisahihisha bila kujijua. Basi hii ni nakala, nikasema, na picha yenyewe imeshauzwa.

Siku tatu sikumwambia mtu. Labda nilihesabu vibaya miaka yote. Labda macho. Nilipomwambia Joseph, akanishauri niwaachie wenyewe picha zao, maana mweusi akisema kitu kimeibiwa, wa kwanza kupekuliwa ni yeye. Hakukosea sana. Hata hivyo nikaenda kwa Mkuu; alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Ulisimama muda gani pale hata ukahesabu matundu?"

Nikamwambia kweli, kwamba ile nusu dakika niliizidisha kila siku. Aliandika. Akauliza nani hushika funguo za karakana. Nikasema mimi simtaji mtu. Lakini picha haikupita mikono mingine, na wote wawili tulijua.

Ikatoka amri Miss Dora asiingie karakana peke yake, na mkoba wake upekuliwe kila jioni. Mlango wa watumishi ulikuwa zamu yangu. Aliufungua mwenyewe kabla sijamwomba: brashi, miwani, mkate uliobaki. Wenziwe waliacha kukaa naye wakati wa chai. Mimi nilimsalimu. Sijui kama ule ulikuwa uungwana au uongo mwingine.

Wiki mbili baadaye nikaitwa juu. Picha ilikuwa mezani, Mkuu yupo, Miss Dora yupo, na eksirei mbili, moja ya kabla ya kusafishwa na moja ya baada. Nyufa zilikuwa zilezile, kila moja mahali pake. Mwanamke alikuwa yuleyule. Kitobo cha nane, Miss Dora alieleza, hakikuchorwa na mtu. Kilikuwa mavi ya nzi, mniwie radhi, yaliyoganda juu ya rangi, naye akayaondoa.

Mkuu alicheka hadi akakaa chini. Miss Dora hakucheka.

"Ni wewe uliyenishuku?"

"Ni mimi."

"Nililiandika hilo kwenye ripoti yangu, ukurasa wa pili. Na kutoka chumbani kwako kuja huku ni ngazi moja tu."

Nilimwomba radhi, akaitikia kwa kichwa. Asubuhi iliyofuata nilimmulika tena yule mwanamke. Weusi ulikuwa wa aina sita. Ulikuwa umefunuliwa wiki zote zile, na mimi nilikuwa nahesabu matundu.

Kabla mwaka haujaisha Miss Dora aliondoka. Wengine walisema amepata kazi bora, wengine wakanyamaza. Mimi nikafanywa mwalimu wa walinzi wapya, na sababu iliyoandikwa ilikuwa macho makali.

Niliwafundisha miaka mingi: shuku, ndiyo kazi, lakini kabla ya kulipeleka neno kwa wakubwa, panda ukaulize.

Siku ya kustaafu nilipewa cheti. Sentensi moja ilinisifu kwa kugundua badiliko katika picha ya Waholanzi. Nikamwomba karani aiondoe. Alidhani naona haya, akasema ni sifa. Nikamwambia ndani ya sentensi ile yumo mtu. Hakunielewa, akaiacha, wala simlaumu.

Cheti kimetundikwa sebuleni. Mjukuu wangu huniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini babu alikiharibu. Pembeni mwa sentensi ile niliandika kwa kalamu: Nilikosea. Fundi alifanya kazi yake sawasawa. Mwandiko wangu si mzuri, lakini unasomeka.