Wivu wa fundi Baltazari kwa ndege ya Clemens

Saa mbili asubuhi, Baltazari ameinamia meza ya karakana yake mjini Sumbawanga, koti limefungwa hadi shingoni kwa baridi. Mezani kuna ndege ndogo mbili za kurushwa kwa rimoti. Moja, iliyokatika bawa, ameiunda mwenyewe. Nyingine ameletewa atengeneze mkia, na mwenye nayo anaijia leo. Anaipangusa vumbi hiyo ya pili polepole, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mke mwenza amwogeshe.

“Namwonea wivu mwenye ndege hii,” anasema kabla hajaulizwa. “Andika hivyo hivyo. Nisipokwambia mimi, mke wangu atakwambia.”

Mkewe, Evodia, anashona nguo chumba cha pili na anasikia kila kitu. “Anaangalia video za yule kijana mwenye ndege mara tatu tatu,” anasema huku cherehani ikiendelea. “Akimaliza anasema mbaya. Sasa kama mbaya, unarudia ya nini?”

Baltazari, 43, ametengeneza redio na televisheni kwa miaka kumi na tisa. Ndege alianza kuziunda mwaka juzi, kwa ile plastiki nyeupe nyepesi inayokinga televisheni mpya ndani ya boksi. Huikata mabawa, huyaunga kwa gundi ya kuyeyusha kwa moto, kisha hufunga mota, panga la mbele linalozunguka na betri. Hii ya sasa ilimchukua miezi miwili na kama shilingi 190,000. Ameipaka rangi nyeusi ifanane na mwewe.

Sababu ya mwewe ni mpunga. Huko chini, bonde la Ziwa Rukwa, kweleakwelea hushuka kwa maelfu mpunga ukikaribia kukomaa, na wakulima hulipa watu wawafukuze kwa makopo na kombeo kutwa nzima. Hilaria, mkulima wa Muze, alikubali kumjaribu fundi: akifaulu kuwatisha kwa mwewe wake, angelipwa shilingi 25,000 kwa siku hadi mavuno.

Tatizo ni kwamba Hilaria alimwita pia Clemens, kijana wa miaka 27 anayepiga picha za harusi, ambaye aliagiza ndege yake Dar es Salaam ikiwa imekamilika.

“Mimi nimehangaika miaka miwili, mwenzangu amefungua boksi,” anasema Baltazari. “Na makofi anapigiwa yeye! Roho iliniuma, nisikufiche.”

Siku ya jaribio, mwishoni mwa Aprili, Clemens alitangulia. Baltazari aliiweka yake juu ya tuta, akasimama karibu saa nzima akiitazama ya mwenzake. Anakiri kwamba alikuwa anaomba ianguke. Haikuanguka.

Huku juu kwenye baridi ya Ufipa, gundi ile hukauka ikawa ngumu kama jiwe. Kule bondeni jua halina mchezo, na kitu cheusi kikiachwa juani saa nzima hakishikiki. Gundi iliyoshika mota ikalegea. Zamu yake ilipofika, Baltazari hakuitikisa mota kuona kama imekaza, jambo ambalo hulifanya kila mara kabla ya kurusha. Alikuwa na haraka ya kumfunika Clemens.

Ndege ilipanda, mota ikapinda, ikageuka kuwaelekea wafanyakazi wa shambani. Fundi akaizima. Ikaanguka hatua tatu kutoka kwa mama mmoja aitwaye Otilia.

“Fundi nampenda, ila siwezi kuwaweka watu wangu chini ya kitu kinachoanguka,” anasema Hilaria kwa simu. Kazi akapewa Clemens.

Wiki iliyopita ndege ya Clemens iligonga mti wakati wa kutua. Mkia ukavunjika, akaileta kwa fundi pekee anayemfahamu. Sasa anaingia, boksi tupu mkononi.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Mkia tayari.”

Baltazari anachomoa kwanza panga, lisije likamkata mtu humo ndani. Anawasha rimoti, ndipo anaunganisha betri. Mkia unacheza vizuri. Anasukuma kitufe cha mabawa kulia. Kibao kidogo cha nyuma ya bawa la kulia kinatakiwa kuinuka, lakini kinashuka. Anarudia. Kinashuka tena.

Clemens yuko kwenye simu yake, anasema anaunganisha moja kwa moja hadi Muze, kweleakwelea wamezidi. Baltazari anachomoa betri, anazima rimoti, anarudisha panga na kuipanga ndege ndani ya boksi. Clemens analipa, anashukuru, anafika mlangoni.

“Clemens. Hebu rudi.”

“Naam?”

“Kimota cha kuvuta vibao vya mabawa ulibadilisha mwenyewe?”

“Eeh, kile cha zamani kiliungua siku ile ilipogonga mti. Kwani vipi?”

“Ulichoweka kinazunguka kinyume. Ukiiambia kulia, inakwenda kushoto. Isingefika hata juu ya nyumba.”

Clemens anakaa kwenye benchi. “Na mimi huwa narushia pale wanaposimama akina mama,” anasema kwa sauti ndogo.

“Ndiyo ukome. Watu wote wakae nyuma yako, na uso wako uelekee upepo unakotoka. Lete hiyo rimoti, tugeuze mwelekeo humo humo.”

Kazi inachukua dakika kumi, na fundi hataki malipo ya ziada. Clemens akishaondoka, Baltazari anarudi mezani kwake.

“Nilimwacha makusudi hadi mlangoni,” anasema. “Nilishaona akilini yake imeanguka, Hilaria ananipigia simu, mimi nafunga safari. Halafu nikamkumbuka Otilia. Ndege yangu nusura imuumize, yeye akaokota bawa lililokatika akaniletea, ananipa pole mimi.”

Anaunda ndege nyingine. Mota ataifunga kwa skrubu kwenye kipande cha mbao, na mwili ataupaka rangi nyeupe. Hilaria amemwambia aje msimu ujao, ila atajaribiwa upya, tena kwenye shamba lisilo na mtu. Clemens naye atakuwepo.

Kwa hiyo wivu umekwisha?

“Uishe uende wapi?” anajibu, akivuta kipande kingine cha plastiki. “Mwakani nataka kumshinda yule kijana. Ila nimshinde yake ikiwa hewani.”